Kuvu Nazo Huugua: Mazungumzo juu ya Virusi Vinavyodhoofisha Magonjwa ya Mimea



Hakuna mkulima wa kahawa asiyejua uzito wa bomba la dawa mgongoni, wala katibu asiyejua uzito wa deni la dawa katika daftari. Mvua zikianza, dawa hutakiwa. Mauzo yakifika, gharama ya dawa hiyo hukatwa kwanza, na kinachobaki ndicho cha ada ya shule na cha mafuta ya taa. Ugonjwa wa chulebuni, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1922, huozesha tunda likiwa bado bichi juu ya tawi, na katika mwaka wa mvua nyingi na baridi shamba lisilotunzwa laweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno yake. Kutu ya majani humpukutisha mbuni majani. Mnyauko huukausha mti mzima. Magonjwa hayo yote matatu huletwa na viumbe vya namna moja, nazo ni kuvu.

Kwa hiyo habari isemayo kwamba kuvu zenyewe zaweza kuugua, na kwamba ziko nchi ambamo ugonjwa wa miti ulidhoofika kwa sababu mleta ugonjwa naye alipatwa na maradhi, ni habari inayostahili kusikilizwa kwa makini. Tena ni habari inayoweza kumponza mkulima akiisikia nusu tu, akaliweka bomba lake darini. Mazungumzo haya yanakusudia kuieleza yote, pamoja na ile sehemu isiyopendeza.

Yafaa kwanza kutenganisha majina mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuvu ni kiumbe hai ambacho si mmea wala si mnyama. Mwili wake ni nyuzi nyembamba mno, zinazotambaa ndani ya gome, jani, tunda au udongo. Hutoa majimaji ya kuyeyusha chakula kilicho nje ya mwili wake, kisha hukifyonza. Huzaa kwa mbegu ndogo kama vumbi, ambazo wataalamu huziita spora, nazo huchukuliwa na upepo, matone ya mvua, wadudu, na hata mikono ya wachumaji. Virusi ni vitu vingine kabisa. Havili wala havipumui. Kila kimoja ni kama barua fupi ya urithi, ambayo haiwezi kufanya lolote mpaka iingie ndani ya chembe hai na kuitumikisha itoe nakala zake. Batobato ya mihogo ni kazi ya virusi, na ndiyo sababu dawa za kopa zinazozuia kuvu hazimsaidii hata kidogo mkulima wa mihogo mwenye shamba la batobato.

Basi, kama vile muhogo unavyopata virusi vyake, ng'ombe vyake na mwanadamu vyake, kuvu nazo zina vya kwao. Jambo hilo lilichelewa kujulikana. Mwaka 1948, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, wakulima wa uyoga wa kula waliona uyoga wao ukiota ukiwa umepinda, wenye vikonyo virefu na vichwa vidogo, na mazao yakipungua vibaya. Haikujulikana sababu mpaka mwaka 1962, mtaalamu wa Uingereza aitwaye Hollings alipoonyesha kwamba ndani ya uyoga mgonjwa mlikuwa na chembe za virusi. Uyoga ni kuvu, na hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Tangu wakati huo virusi vimepatikana katika kuvu za aina nyingi sana, zikiwamo zile ziletazo magonjwa ya mpunga, ngano, mahindi na miti ya matunda.

Virusi hivyo vina tabia moja ambayo msikilizaji anaombwa aishike, kwa kuwa mambo mengi yatakayofuata yanaitegemea. Vingi vyao havitoki nje ya mwili wa kuvu. Havielei hewani, wala havinyweshwi na mvua. Huhama kwa njia mbili tu: ama uzi wa kuvu moja unapokutana na uzi wa kuvu nyingine ya aina ileile, nyuzi hizo zikaungana na maji ya ndani yakachanganyika, ama ndani ya spora, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Wala hakuna hata kimoja kinachojulikana kumwambukiza mtu ugonjwa, hivyo hofu ya namna hiyo na iwekwe kando.

Mfano mkubwa kuliko yote katika jambo hili hautoki Afrika, bali katika misitu ya Marekani na vilima vya Italia na Ufaransa. Mti wenyewe ni mchestinati. Huzaa njugu kubwa za rangi ya kahawia, zenye wanga mwingi, ambazo huchomwa, huchemshwa au husagwa unga. Katika vilima vya Italia, na katika kisiwa cha Corsica, ambako ngano haikuwa ikistawi vizuri, unga wa chestinati ulikuwa chakula cha maskini kwa karne nyingi. Nafasi yake katika nyumba za watu hao ilikuwa kama ya ndizi kwa Wachaga na Wahaya. Huko Marekani mti huo ulijaa katika milima ya mashariki. Mbao zake zilijenga nyumba na nyua, gome lake lilitumika kutengenezea ngozi, na njugu zake zililisha watu na nguruwe.

Mwaka 1904, msimamizi wa miti katika bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York, aitwaye Hermann Merkel, aliona michestinati ikikauka matawi. Ugonjwa huo uliletwa na kuvu iliyosafiri kutoka Asia ya Mashariki pamoja na miche ya michestinati ya huko. Michestinati ya Asia ilikuwa imezoeana na kuvu hiyo na haikuumia sana. Ile ya Marekani haikuwa na kinga. Kuvu huingia katika jeraha dogo la gome, hutambaa chini ya gome na kuua nyama laini ya mti, na kufanya donda lenye vipele vya rangi ya machungwa. Donda likiuzunguka mti, yote yaliyo juu yake hufa. Mizizi hubaki hai na kuchipua, chipukizi hukua miaka michache, kisha nazo hupata donda na kufa.

Serikali ya jimbo la Pennsylvania iliunda tume mwaka 1911, ikakata na kuchoma miti ili kuuzuia ugonjwa usisonge mbele. Mwaka 1913 kazi hiyo iliachwa, kwa kuwa ugonjwa ulikwisha wapita wakataji. Ilipofika katikati ya karne, michestinati inayokadiriwa kufikia bilioni 4 ilikuwa imekufa, na watu wa milimani waliotegemea njugu na mbao wakabaki mikono mitupu.

Mwaka 1938 ugonjwa huohuo ulionekana Italia, karibu na bandari ya Genoa. Waliokuwa wakijua habari za Marekani walitazamia mwisho wa namna ileile. Miti ilikufa kwa wingi kweli. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa magonjwa ya miti wa Italia, Antonio Biraghi, aliona jambo asilolitazamia. Katika msitu mmoja ulio karibu na Genoa, palepale ulipoanzia ugonjwa, yalikuwako madonda yaliyokuwa yakipona yenyewe. Gome lilivimba na kupasuka, lakini chini yake mti ulikuwa hai, na kingo za donda zilifunga kama kidonda cha mtu kinavyofunga.

Watu wangeweza kudhani kwamba miti hiyo imepata kinga. Mtaalamu wa kuvu wa Ufaransa, Jean Grente, aliyefanya kazi Clermont-Ferrand, alitaka kujua zaidi. Alichukua vipande vya gome kutoka katika madonda yaliyopona, akaotesha kuvu iliyokuwamo, na mnamo miaka ya 1964 na 1965 akaeleza alichokipata. Kuvu ya kawaida ikioteshwa katika kisahani huwa na rangi ya machungwa na hutoa spora nyingi. Hii ilikuwa nyeupe, yenye spora chache, na ilipopandikizwa katika mti mzima haikuuua. Kumbe mti haukuwa umebadilika; aliyebadilika ni adui.

Jambo la ajabu zaidi lilifuata. Grente alipoiweka kuvu nyeupe kuzunguka kingo za donda lenye kuvu kali, kuvu kali nayo iligeuka kuwa nyeupe na kupoteza ukali wake, na donda likafunga. Udhaifu ulikuwa ukiambukiza. Alipendekeza kwamba mlikuwa na kitu ndani ya mwili wa kuvu kilichokuwa kikipita kutoka uzi hadi uzi. Huko Ufaransa wakulima wenye mashamba ya michestinati walianza kutibiwa miti yao kwa njia hiyo: matundu madogo hutobolewa kuzunguka donda, na ndani yake hutiwa kuvu dhaifu iliyooteshwa kwa kazi hiyo. Mti mmoja ukishapona, kuvu dhaifu husambaa taratibu kwa jirani zake. Ni kazi ya miaka mingi, si ya msimu mmoja.

Kuvu dhaifu ilipelekwa Marekani mwaka 1972, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha jimbo la Connecticut. Huko, Peter Day, Sandra Anagnostakis na wenzao waligundua, katika taarifa yao ya mwaka 1977, kwamba kuvu dhaifu ilikuwa na urithi wa aina ya virusi ambao kuvu kali haikuwa nao. Ushahidi kamili ulichukua miaka mingine 15. Mwaka 1992 Gil Choi na Donald Nuss walitengeneza katika maabara nakala ya urithi wa virusi hivyo, wenye herufi zipatazo 12,700, wakaitia katika kuvu nzima isiyo na virusi, nayo ikadhoofika. Baada ya hapo hapakuwa na shaka tena.

Sasa sehemu isiyopendeza. Dawa iliyofaa Ulaya haikuponya misitu ya Marekani. Miti michache iliyotibiwa kwa mkono ilipona donda baada ya donda, lakini virusi havikusambaa vyenyewe msituni kama ilivyotarajiwa.

Sababu kubwa ni ukoo. Kuvu za aina moja zimegawanyika katika koo, na nyuzi za koo mbili tofauti zikikutana hukataana: chembe zilizogusana hufa, na virusi hubaki upande mmoja bila ya daraja la kuvukia. Katika kuvu ya michestinati vipo vitu sita vya urithi vinavyoamua ukoo, na kwa kuchanganyika kwavyo huweza kuzaliwa koo 64, na hata zaidi. Sehemu nyingi za Ulaya zilipokea kuvu chache tu, hivyo koo zilizotawala zilikuwa chache, na virusi vilipita kwa urahisi kama habari zinavyopita katika kijiji cha ndugu. Marekani koo zilikuwa nyingi sana, zikichanganyika hata katika mti mmoja. Isitoshe, virusi hivyo huingia katika spora za kawaida lakini haviingii katika zile zinazozaliwa kwa kupandana kwa kuvu mbili. Kila kupandana huleta watoto wazima, tena wa koo mpya.

Liko na jambo jingine ambalo mfugaji ataling'amua upesi. Virusi vikimdhoofisha mwenyeji wao kupita kiasi, naye akashindwa kutoa spora, vitasafiri kwa nini? Virusi vikali mno hujifungia mlango vyenyewe. Vilivyofaulu Ulaya ni vile vya kadiri, vinavyoipunguza nguvu kuvu bila ya kuinyima uzazi kabisa.

Hata Marekani haikukosa mwanga. Katika jimbo la Michigan, kuanzia miaka ya 1970, yalionekana mashamba ya michestinati yaliyokuwa yakipona yenyewe, kwa virusi vilivyo ndugu wa vile vya Ulaya lakini si vilevile. Na mwaka 2016 Nuss na mwenzake Zhang walieleza jinsi walivyoondoa vizuizi vya ukoo katika kuvu iliyobeba virusi, ili iweze kuvikabidhi kwa koo nyingi. Lakini kutoka kisahani cha maabara hadi msitu wa milimani ni safari ndefu.

Upande wa Uchina, katika chuo kikuu cha kilimo kilichoko Wuhan, yamepatikana mambo ambayo hayakudhaniwa. Iko kuvu iletayo kuoza kweupe, inayoshambulia mimea mamia kadhaa, yakiwamo maharage, kabichi, alizeti na rapa, zao la mbegu za mafuta lililo ndugu wa kabichi. Wakulima wa maharage wa sehemu za baridi huweza kuitambua kwa ule utando mweupe kama pamba, na vipunje vyeusi kama mavi ya panya vinavyobaki ndani ya shina. Mwaka 2010 wataalamu wa Wuhan walieleza virusi vidogo sana vinavyoifanya kuvu hiyo ishindwe kuudhuru mmea. Mwaka 2013 walionyesha kwamba virusi hivyo, kinyume cha desturi iliyoelezwa hapo juu, vyaweza kuingia katika kuvu kutoka nje, bila ya kuhitaji uzi kuungana na uzi. Mwaka 2016 walionyesha kwamba kijinzi kidogo kinacholisha mabuu yake kwa kuvu hubeba virusi hivyo na kuvipeleka kwa kuvu nyingine. Na mwaka 2020 wakaongeza kwamba kuvu yenye virusi hivyo, badala ya kuozesha rapa, huishi ndani ya mmea kama mgeni mwema, na mimea iliyopewa kuvu hiyo ilistahimili ugonjwa na kuzaa zaidi. Adui aligeuzwa mlinzi wa boma.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba kila kirusi cha kuvu ni rafiki wa mkulima. Vingi havionekani kufanya lolote. Kuvu huishi navyo kama mtu aishivyo na kovu la zamani. Vingine humsaidia adui. Huko Japani, katika kuvu iletayo madoa meusi ya mapeasi, wamepatikana virusi vinavyopunguza ukuaji wa kuvu lakini vinaiongezea sumu inayoudhuru mti. Hata katika hamira na chachu za pombe zipo aina zenye virusi vinavyozipa uwezo wa kutoa sumu ya kuua chachu nyingine. Jambo la sumu hiyo lilijulikana tangu mwaka 1963, na watengenezaji wa pombe wamelifaidi na kulilaani kwa zamu. Kwa hiyo kusema tu kwamba dawa fulani "ina virusi vya kuvu" si kuisifu wala kuilaumu.

Swali la mwanachama ni moja: je, iko dawa ya namna hii kwa chulebuni, kwa kutu au kwa mnyauko? Jibu ni kwamba hakuna iliyokwisha kufikia shamba la mkulima wa kahawa. Tena tabia ya magonjwa haya si sawa na ya donda la mchestinati. Donda hukaa mahali pamoja miaka mingi, na mtu hupata nafasi ya kulitoboa na kulitibu. Tunda la kahawa huoza katika siku chache, na matunda ya mti mmoja ni maelfu. Ratiba ya dawa iliyotolewa na bwana shamba isivunjwe hata kwa siku moja kwa sababu ya habari hizi, wala kupogoa matawi ili mwanga na hewa vipite kusiachwe. Kwa aliye tayari kupanda upya, kinga iliyokwisha kuthibitishwa imo ndani ya mbuni wenyewe: aina ya Ruiru 11 ilitolewa Kenya mwaka 1985 kwa ajili ya kustahimili chulebuni na kutu, na nchini Tanzania kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu kimetoa chotara zake zenye sifa hizo.

Makatibu watajiwa na wauzaji. Akija mtu na chupa akisema ni virusi vya kumaliza kuvu, na aulizwe: ni kwa kuvu ya ugonjwa gani, maana kirusi cha kuvu moja kwa kawaida hakimgusi wa pili, ilijaribiwa katika zao gani na wilaya gani, kwa misimu mingapi, na hati ya usajili kutoka mamlaka ya viuatilifu iko wapi. Asiyekuwa na hati asipewe hata nafasi ya kuonana na kamati, kwa sababu deni la dawa isiyofaa hulipwa na wanachama na siyo na muuzaji.

Kuhusu miche, habari ya koo inafaa kukumbukwa kila mkutano unapojadili mwanachama aliyeleta miche kwa njia za kichochoro. Watu wengi hudhani kwamba ikiwa ugonjwa umo tayari kijijini, mche mgonjwa kutoka mbali hauongezi kitu. Huongeza. Katika Ulaya, kinachohofiwa sasa si kuingia kwa kuvu ya michestinati, ambayo imo tangu 1938, bali kuingia kwa koo mpya zitakazovikatalia virusi vinavyoilinda miti, na kuzaliana na zile za zamani. Mzigo mmoja wa miche isiyokaguliwa waweza kuharibu uponaji wa miaka 50.

Na lipo jambo ambalo vyama vyaweza kulifanya bila ya gharama. Biraghi hakugundua madonda yanayopona kwa hadubini; aliyaona kwa macho, kwa kuwa alitembea msituni na kutazama. Mkulima akiona mti mmoja au sehemu ya shamba ambayo ugonjwa umeanza kisha ukakoma, wakati jirani zake wanaangamia kwa mvua ileile, asiukate mti huo wala asinyamaze. Huenda mbuni una kinga, huenda mahali pana upepo mzuri, na huenda ni kuvu iliyodhoofika. Asikate shauri kwa kutazama matunda tu, kwa sababu chulebuni ina alama za namna mbili: doa jeusi lililobonyea, ambalo huozesha tunda, na gaga jeupe la kikwachukwachu, ambalo mara nyingi hukoma lenyewe, na gaga hilo peke yake si ushahidi wa virusi. Katibu apeleke habari kwa bwana shamba, pamoja na matunda au matawi yaliyofungwa katika karatasi kavu, si katika mfuko wa plastiki unaoyaozesha njiani, na juu ya karatasi aandike jina la kijiji, aina ya mbuni, tarehe ya kuchuma, na mara ya mwisho shamba hilo liliponyunyiziwa dawa.